Nilitaka kuuza tukutuku ya marehemu baba kwa kilo!

Wiki hii naomba tuwaache wapenzi wagombane wenyewe, na harusi za watu nazo zipumzike. Nina kisa changu. Ukicheka sitanuna, maana hata mimi nikikumbuka najicheka, kisha naona aibu kidogo.

Kwetu ni Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, huku Kagera tunakopakana na Uganda. Nyuma ya nyumba yetu kuna banda la kuwekea kahawa. Ndani ya banda hilo, chini ya magunia na jembe lisilo na mpini, ililala pikipiki ya marehemu baba kwa miaka minne. Ni Yamaha AG100, ile tukutuku ya wakulima: keria pana nyuma, na cheni imefunikwa yote kwa bati isiingie tope. Herufi AG zenyewe ni kifupi cha neno la Kiingereza la kilimo. Siku nilipoifunua nilikuta kuku ametagia juu ya kiti. Mayai matatu. Nikasema moyoni, angalau bado ina faida.

Baba alikuwa bwana shamba tangu enzi ambazo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, kabla hatujagawanywa mwaka 2012. Pikipiki ilikuwa ya mradi. Mradi ulipokwisha ikafutwa kwenye vitabu, baba akauziwa. Akaipanda mpaka akastaafu, na mwaka 2021 Mungu akampenda zaidi.

Sasa mimi. Nilimaliza kidato cha nne 2016. Matokeo tuyaache, ni mambo ya ndani ya familia. Tangu hapo nimeuza vocha, nimechuma kahawa za watu, na nikipata nafasi naandika vitu kama hivi unavyosoma. Lakini kalamu, msomaji wangu, inajaza ukurasa, haijazi sufuria. Nikapiga moyo konde: niwe bodaboda. Boxer mpya siyo chini ya milioni mbili, fedha ambazo sijawahi kuziona zimekaa pamoja. Akapatikana bwana mmoja wa kunipa kwa mkataba: natoa kianzio laki tatu, halafu kila jioni nampelekea hesabu yake mpaka deni liishe. Mfukoni nilikuwa na laki mbili na arobaini. Elfu sitini tu ndiyo iliyokuwa inanitenganisha na maisha bora.

Ndipo akapita mnunuzi wa skrepa na mizani yake. Akaitazama tukutuku, akaipiga teke kidogo tairi la mbele.

"Mia saba kwa kilo. Hii haizidi kilo tisini."

Nikapiga hesabu haraka, mimi ambaye hesabu ilinikimbia shuleni: elfu sitini na tatu. Bwana wee! Kianzio kimetimia, na elfu tatu ya soda imebaki. Ila jamaa akatoa sharti. Yeye hanunui mpira wala sponji. Tairi, kiti, nyaya, vyote vitoke, abebe chuma kitupu. Akaahidi kurudi Jumatatu.

Nikamwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso. "Ni ya baba yako, na mkubwa hapa sasa ni wewe. Fanya unavyoona." Nyie wenye mama zenu mnajua, mama akisema fanya unavyoona maana yake hajakubali. Mimi nikajifanya sijui.

Kufungua sasa! Nati zote zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Spana ya kuazima ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili, ya tatu ikanichuna vidole. Nikaona isiwe tabu. Jumapili baada ya ibada nikaisukuma tukutuku na tairi zake zisizo na upepo mpaka kwa fundi, nimelowa jasho kama niliyetoka kubeba jeneza.

Huyu fundi siku za kazi anatengeneza bodaboda, tena foleni yake ni ndefu. Lakini Jumapili hagusi Boxer wala TVS ya mtu. Jumapili ni ya wazee. Nilikuwa nimesikia tu habari za kijiwe chao chini ya mparachichi, nikidhani ni kijiwe cha bao na rubisi. Kumbe!

Nilikuta pikipiki sita za zamani zimepangwa nusu duara. Wazee wamekaa juu ya magogo na madebe, mashati ya kanisani yamekunjwa mikono, vidole vyeusi kwa grisi. Kila mmoja ana kipande cha chuma mkononi anakisugua taratibu.

Kulikuwa na Honda CT110 ya mwalimu mstaafu anayetoka Omurushaka, upande wa Karagwe, inang'aa kuliko viatu vyangu. Suzuki TF125 ya katekista mmoja, tenki lake lina viraka kama kaptura ya shule. Honda XL125 ya mzee aliyekuwa karani wa kahawa. MZ ya Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo yenyewe ilikufa mwaka 1990 ikaiacha pikipiki hai. Ya tano ilikuwa mifupa tu ya kunyofolea spea. Na ya sita, iliyopandishwa juu ya matofali, ni BSA Bantam ya Kiingereza isiyo na tairi la nyuma. Mwenyewe ni mzee mrefu, mkimya. Anasema kaka yake aliinunua kwa mzungu wa machimbo ya bati ya Kyerwa siku za ukoloni. Haijawaka miaka mingi, lakini kila Jumapili anaisafisha.

Nikamuuliza kwa adabu, "Mzee, sasa hii itawaka lini?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ukioga, huwa unaoga ili uwake?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akadondosha spana. Nikajua hapa nimekuja kwa wenyewe.

Nikaeleza shida yangu: "Naomba mnisaidie kufungua tairi na kiti. Kesho inaondoka na mtu wa skrepa."

Kimya. Ungedhani nimesema nimemleta bibi yangu apimwe kwenye mizani. Karani wa kahawa akasimama, akaizunguka ile AG, akainama kwenye keria. Pembeni ya keria kuna pete ya chuma aliyochomelea baba, ukubwa wa chupa. Akaigusa kwa kidole.

"Hapa ndipo palipokuwa panakaa jiki," akasema. "Hii ni ya bwana shamba."

Msomaji, hapa lazima nikurudishe nyuma, la sivyo hutaelewa kwa nini nilitamani ardhi inimeze. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitika Tanzania, ukianzia huku huku Kagera. Watu wengi tunauita unyanjano. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukizikata ndani zimeoza rangi ya kahawia, na shina linatoa majimaji ya njano kama usaha. Dawa hauna. Wadudu wanaubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, na mwenye shamba naye anausambaza kwa panga lake mwenyewe anapotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima.

Kazi ya mabwana shamba ikawa kupita nyumba kwa nyumba. Toeni ua dume kwa kijiti chenye panda, msitumie panga. Panga lioshwe kwa jiki au lipitishwe kwenye moto. Na mgomba ukiugua, ng'oa kisiki kizima na watoto wake wote. Sasa wewe fikiria. Kwetu mgomba ni chakula cha mchana na cha usiku, ni pombe ya msiba na ya harusi, ni kivuli cha kahawa. Nenda kamwambie mzee wa watu ang'oe migomba iliyopandwa na babu yake, uone utakavyotazamwa.

Kwa hiyo mlio wa tukutuku ya baba ulikuwa mlio wa msiba. Ikisikika inapanda kilima, watu waliingia ndani na kufunga milango. Shuleni waliniita Mtoto wa Ng'oa. Nikiwa nacheza na wenzangu, ule mlio ukitokea mbali, mmoja mmoja walikuwa wanakumbuka kwamba wameitwa kwao. Nisikufiche kitu, msomaji wangu. Nilipokubali ile mia saba kwa kilo haikuwa njaa peke yake. Nilitaka kuiona ikiondoka vipande vipande.

Fundi akafuta mikono. "Kufungua tutafungua. Lakini hapa hatuvunji kitu ambacho hatujakisikiliza."

Wakaivamia. Sijawahi kuona wazee wanakimbilia kazi namna ile. Katekista akatoa plagi, akamimina oili kidogo kwenye silinda kulainisha pistoni, akawa anasukuma kiki kwa mkono pole pole mpaka ikaanza kutii. Mwalimu akachukua tenki. Petroli iliyokuwemo ilikuwa imegeuka kitu kinachonuka kama rangi ya zamani. Akamwaga, akatia mafuta ya taa na konzi mbili za kokoto, akanikabidhi.

"Tikisa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kutu iishe au mikono yako iishe."

Nikatikisa. Kila nikimwaga inatoka supu nyekundu. Nikarudia mara nne.

Fundi alifungua kabureta akakuta jeti imezibwa na uchafu mgumu. Mimi kwa ujuaji wangu nikamletea waya wa kutobolea. Nusura anichape nao. Jeti, akaniambia, ina tundu lililopimwa. Ukilichokoa kwa waya linapanuka, na pikipiki itakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi. Akatumia petroli safi, unywele wa brashi na pumzi yake mwenyewe.

Wakaja kwenye moto. Plagi ikaegeshwa kwenye injini, kiki ikapigwa, cheche hakuna. Wakafuata nyaya mpaka wakakuta panya wameutafuna waya wa koili, wamebakiza ganda. Karani akachomoa kipande kutoka kwenye ile mifupa ya kutolea spea, akaunga, akafunga kwa utepe. Kiki tena. Cheche! Ya bluu, ndogo, lakini ipo. Wazee wakapiga makofi kana kwamba mtoto ametambaa.

Ikabaki ekzosi. Pikipiki za aina hii huchoma oili pamoja na petroli, na masizi yake yakijazana kwenye ekzosi injini inakosa pa kutolea pumzi. Dawa yake ni moto. Ekzosi ikatupwa kwenye jiko kubwa la mkaa, tukakaa kusubiri masizi yaungue. Mama mmoja akatuletea chapati na chai ya tangawizi.

Hapo ndipo mwalimu alipotoa somo. Ualimu, msomaji, haustaafu.

"Unajua hii AG ya baba yako na Bantam ya mzee ni ukoo mmoja?"

Nikadhani ananitania. Akaeleza, na baadaye nilihakikisha mwenyewe kwenye simu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wajerumani wa kampuni ya DKW walibuni pikipiki ndogo iitwayo RT125. Wakashindwa Vita Kuu ya Pili, na washindi wakajichukulia michoro kama fidia. Waingereza wakaitumia kutengeneza BSA Bantam kuanzia 1948. Kwenye mji ule ule wa Zschopau ilikotoka DKW, Wajerumani wa Mashariki wakaendelea na MZ. Na Wajapani wa Yamaha, walipotoa pikipiki yao ya kwanza kabisa mwaka 1955, ile YA-1, nao waliiga RT125. Honda wao ni ukoo mwingine. Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kufunga vijiinjini kwenye baiskeli, na ile Super Cub yake ya 1958, ambayo CT110 ni mtoto wake, imekuja kutengenezwa zaidi ya milioni 100.

"Na kila ukoo una muziro wake," akadakia katekista. Huku kwetu kila ukoo una mnyama au kitu usichokigusa, huo ndio muziro. "Muziro wa ukoo wa Bantam ni petroli tupu isiyo na oili. Ukiwapa, wanakufa!"

Mwalimu hakuishia hapo. Akakumbusha kwamba Karagwe ni nchi ya chuma tangu zamani. Mfalme Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa kwa ufundi wa kufua chuma, na kwenye hazina ya wafalme pale Bweranyange kulikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walikuta utajiri huo. "Mfalme alikuwa na ng'ombe wa chuma," akasema, "na hakuna aliyewapima kwa kilo." Alisema akiangalia chai yake, lakini niliipata.

Nikawauliza, hii yenu ni klabu? Maana nimewahi kusoma kwamba Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, ambako wenye magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi mpaka chini ya injini, na watu hulipa kiingilio kutazama. Karani akacheka. Wao walianza kwa dhiki, akasema. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, spea ilikuwa hadithi. Gasketi walikata kwenye maboksi ya katoni. Ringi za pistoni ziliagizwa kwa mtu anayekwenda Kampala, na zikifika saizi siyo, unamtafuta mwenzio mwenye saizi hiyo mbadilishane. Ukiwa na pikipiki ilikuwa lazima uwe na watu. Spea sasa zipo, lakini ile tabia ya kukutana ikabaki.

Muda wote huo mzee wa Bantam alikuwa kimya. Ghafla akaanza kusema, macho kwenye mkaa.

"Baba yako aling'oa migomba yangu. Zaidi ya mia. Nilikaa miaka mitatu simsalimii."

Chapati ikanikwama kooni.

"Siku moja mvua inanyesha, nikasikia hii inapanda kilima kwangu. Nikasema, anakuja kumalizia iliyobaki. Halafu ikazima. Ikazimia pale pale mbele ya nyumba yangu. Nikatoka na panga." Akanyamaza kidogo. "Mpaka leo sijui nilitoka nalo kwa nini. Labda nilitoka nalo kama mtu anavyotoka na panga. Nikamkuta amepiga magoti kwenye tope anafungua plagi, mgongo kanigeuzia. Akasikia hatua, hata hakugeuka. Akasema, 'Nishikie hii.' Akaninyooshea spana nyuma bila kuangalia ni nani."

"Ukafanyaje, mzee?"

"Nitafanyaje? Mtu amekunyooshea spana. Nikaweka panga chini, nikaishika."

Plagi ilikuwa imelowa tu. Wakaikaushia jikoni kwake, na wakiwa jikoni baba akaiona ile Bantam imeegemea ukuta, akauliza ni ya mwaka gani. Jumapili iliyofuata akarudi na msasa na chupa ya mafuta ya taa. Ndivyo baba alivyoingia kijiweni, akaja miaka yote mpaka miguu ilipomkataa. Na mimi siku zote nilijua baba Jumapili anakwenda kazini! Tulimlaumu nyumbani kwamba hata siku ya Bwana hapumziki.

"Baadaye," mzee akaendelea, "wataalamu wakaja na njia nyingine, kwamba unaweza kukata lile shina lililougua tu, ukarudia rudia, bila kung'oa kisiki kizima. Baba yako ndiye aliyeniletea habari hizo. Hakutumwa na mtu. Alikuja kwa miguu yake kuniambia kwamba huenda si migomba yangu yote ililazimika kung'olewa."

Siku hiyo ya njia mpya naikumbuka. Baba alirudi kutoka semina, akaingia uani, akazima injini, asishuke. Alikaa juu ya tukutuku mpaka giza likaingia. Mama akamwita chakula mara tatu. Mimi nilidhani mgongo unamuuma.

"Ukamjibuje, mzee?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Nikamwambia, bwana shamba, hakuna fundi ambaye hajawahi kukata nati ya mtu. Fundi mbaya ni yule anayeificha mfukoni."

Hakuna aliyeongeza neno. Fundi akatoa ekzosi motoni kwa koleo, akaigonga gonga, masizi yakamwagika. Ikapoa, ikafungwa. Petroli ikachanganywa na oili kwenye kidumu, nusu lita kwa lita kumi, maana pampu ya oili iliyolala miaka minne si ya kuaminiwa. Tairi zikatiwa upepo, moja ikawekwa kiraka. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Piga," akaniambia fundi.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga kumi, nikapiga ishirini, goti likaanza kulia. Katekista akasema funga mafuta, fungua hewa, piga tena. Ya ishirini na kitu ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Nikapiga nyingine kwa hasira zangu zote, na bwana wee, ikashika! Tukutukutuku! Moshi ukajaa chini ya mparachichi mpaka wazee wakawa vivuli. Mlio ni ule ule. Ule niliokimbiwa nao na wenzangu. Nikasubiri nichukie kama zamani. Sikuchukia. Nilimwona mtu amepiga magoti kwenye tope, amenyoosha mkono nyuma.

Nikawauliza deni langu. Wakanitajia plagi mpya na kiraka, basi. Mengine, akasema karani, utalipa Jumapili kwa kusafisha ya mwenzio.

Nikaipanda kwenda nyumbani, breki za kuotea, taa haiwaki. Njiani nilipita nyumba ambazo zamani zilikuwa zinafunga milango. Mlango mmoja ukafunguliwa, akatoka bibi kizee na kijukuu, akasimama kutazama. Sijui alikumbuka nini. Nikampungia mkono, akapunga.

Nyumbani mama alikuwa jikoni. Nilipoingia uani nikaona kwa dirisha kisu chake kimesimama katikati ya ndizi. Akatoka mlangoni, akaitazama tukutuku, akanitazama mimi, macho yameiva. Nikajiandaa kwa maneno makubwa. Mama akapunga khanga mbele ya pua.

"Zima, moshi unaingia jikoni."

Maneno yale yale aliyokuwa akimwambia baba kila jioni. Nikazima. Akarudi ndani, nikamsikia anapenga kamasi. Moshi, atasema.

Jumatatu mtu wa skrepa akaja na mizani kubwa. Nikamuuzia lile jembe na mabati mabovu, akaondoka amenuna.

Sasa usidhani nimekuwa mlokole wa vyuma vya zamani. Boxer bado naitaka, na zile elfu sitini bado sina. Kubeba abiria kwa AG hii haiwezekani, kwanza abiria atafika amegeuka samaki wa kuvuta. Nimeanza kuitumia kupeleka kahawa na maziwa ya majirani, wananilipa kidogo kidogo. Inakunywa oili, spea mpaka uagize, na asubuhi za baridi inadeka. Ubora wa Boxer naujua. Lakini rafiki zangu wa mkataba nawaona: pikipiki ya bosi, hesabu ya bosi, ikiharibika wanaitukana, ikipona wanaikimbiza ikaharibike tena. Hakuna aliyewahi kukaa juu ya Boxer ya mkataba mpaka giza likaingia.

Kijana mwenzangu, kama kwenu kuna chuma cha marehemu kimelala bandani, kabla hujaita mizani kakipeleke kwanza kwa wazee wakisikilize. Pengine kweli ni skrepa, utauza. Lakini huwezi kujua ni nani aliwahi kushikiwa spana hapo.

Jumapili hii zamu yangu ni Bantam. Mzee amenikabidhi magurudumu, nisugue waya mmoja mmoja. Nimeacha kumuuliza itawaka lini. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wale wapenzi waliogombana nitawaamulia.